Kijani Juu ya Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza mwezi wa tano tangu nitoke Newala. Siku naondoka mke wangu Bernadeta alisema mimi kwenye simu sifai, nasema "salama" na "haya" mpaka vocha inakwisha. Akaniwekea daftari hili kwenye begi. Andika, akasema, ukirudi utanisomea. Basi naandika. Niliishia darasa la sita, na mkono wa kufyatua matofali ni mzito kwenye kalamu.

Nakaa Madale, hapahapa kiwandani, kibanda cha mabati nyuma ya lundo la mchanga. Kiwanda ni cha Mzee Eliaichi, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa mtaa huu wa Kwa Fundi. Nyuma ya kibanda kuna korongo. Sasa ni kavu, mbuzi wanalala ndani. Wenyeji wanasema masika yakishika, maji yananguruma mpaka hapa mnaongea kwa ishara.

Dada yangu Demetria yuko chini kwenye korongo hilohilo, mtaa wa Mikoroshini. Anapikia wajenzi. Chumba chake kiko ukingoni kabisa. Nilipomwambia pale pabaya alinijibu, "Kaka, pazuri pana wenyewe."

Alhamisi, 6 Machi

Leo wamechimbia mti kwenye korongo, nyuma ya kibanda changu. Ni mti wa chuma wenye rangi tatu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Kazi hii ni ya dada mmoja wa Bukoba anayeitwa Kokushubila, amepanga nyumba ya hapo mlimani. Sote tunamwita sista Koku. Kazi yake ni kompyuta. Maji yakifika kwenye rangi, mtu anatuma rangi hiyo kwa simu, na watu wa chini wanaiona kwenye simu zao.

Aliuliza nani yupo hapa muda wote. Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Huyu Mmakonde haondoki. Hana pa kwenda."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumapili, 9 Machi

Nilishuka kwa Demetria. Sista Koku naye alikuja, kuwaonyesha watu wa Mikoroshini namna ya kujiunga. Alikuwepo Nurdin, muuza mkaa, jirani wa Demetria ukuta kwa ukuta. Ni Mmwera wa Lindi, kwa hiyo ananiita mtani na kunitukana tangu siku ya kwanza. Yuko kwenye mfungo lakini mdomo haufungi.

"Sista, hicho kitu kinaitwaje?"

"Mlisho. Ni kama bomba la habari. Ukijiunga, kila jipya linakufikia lenyewe, la karibuni zaidi linakaa juu."

Akachukua sufuria za Demetria, ile seti yake ya arusi, akaziingiza moja ndani ya nyingine. Ndogo ni mlisho wa Kwa Fundi. Unakaa ndani ya mlisho wa kata. Wa kata unakaa ndani ya mlisho wa wilaya. Kila mlisho, akasema, unabeba maneno machache mgongoni ambayo mtu hayaoni ila mashine inayasoma: jina langu ni hili, mzazi wangu ni yule, niliandikwa saa fulani.

"Na sie Mikoroshini?" Nurdin akauliza.

Akachukua sufuria nyingine kutoka kwenye beseni. "Nyie mko kata nyingine. Mzazi wenu mwingine. Mnakutana na Kwa Fundi kwa babu tu, wilayani."

"Kwa hiyo mtani wangu akiona maji, neno lipande kwa mzazi, lipande kwa babu, lisubiri mtu amalize chai, ndiyo lishuke kwetu?" Nurdin akapiga kofi gotini. "Litatukuta tumeshafika baharini tunauza mkaa kwa papa!"

Tulicheka mpaka Demetria akafuta machozi kwa kanga. Sista Koku hakucheka sana. Akasema hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Maji hayajui kata. Anataka kuweka kiungo cha pembeni, kisicho cha mzazi wala mtoto, kinachosema tu: maji yangu yanaelekea kwa huyu.

Nikiwa narudi mlimani nilitazama korongo. Kavu. Lakini niliona takataka zimenasa kwenye matawi, juu ya kichwa changu, za masika ya mwaka jana.

Jumatatu, 10 Machi

Matofali. Jua.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa mtaa. Sista Koku alieleza kiungo chake cha maji. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama.

"Binti yangu, umesoma, hongera. Lakini mtaa una mjumbe, mjumbe ana mwenyekiti, mwenyekiti ana mtendaji wa kata. Mie nikiwa na neno na Mikoroshini, napanda kwa mtendaji, mtendaji anaongea na mwenzake. Siendi kupiga kelele kwenye mtaa wa mtu. Kesho wakikimbia wakavunjika miguu, nani anaulizwa? Eliaichi!"

"Mwenyekiti, maji yanashuka kwa muda wa kunywa chai. Ngazi zote hizo..."

"Ngazi ndiyo adabu."

Watu wakaguna kukubali. Kwetu pia humruki mkubwa. Halafu akanigeukia. "Albano, wewe msoma mti. Unasemaje?"

Demetria yuko kule chini. Nilijua la kusema. Lakini kibanda ninacholala ni chake, kazi ni yake. Nikasema, "Mwenyekiti ameshasema yote, mzee."

Sista Koku alinitazama. Akaendelea kubembeleza peke yake mpaka jasho likamtoka, na mwisho Mwenyekiti akakubali kwa kuchoka: neno liende pembeni na nakala yake ipande juu kwa mzazi, asije akaambiwa amemruka mtu. "Lakini mti ndio uongee," akasema. "Mie simo."

Nimelala vibaya.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Kidogo. Mbuzi wametoka korongoni wenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Maji yamefika kwenye kijani. Kwenye kisimu changu cha vitufe natuma rangi kwa sista Koku, yeye ndiye anayeingiza kwenye mashine. Mimi mlisho siuoni, simu yangu haiwezi. Namuuliza Demetria, ananiambia umefika.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kijani.

Jumamosi, 29 Machi

Njano! Nilituma, nikampigia Demetria, akasema simu zote za pale zimelia, wamepandisha magodoro. Maji yakapita chini ya vizingiti bila kuingia. Nurdin alichukua simu kwa Demetria akaniambia, "Mtani, leo nakuombea kwa Mungu wangu, wako atapumzika."

Sijawahi kuwa mtu ambaye neno lake linahamisha magodoro. Niliona raha. Baadaye nikaona woga, kwa sababu neno hilohilo likikosekana nalo linahamisha kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Sikukuu ya Idi ilikuwa juzi na jana. Nurdin alinitumia biriani kwenye mfuko. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Kule Mikoroshini mlevi mmoja alipita akipiga kelele "maji! maji!" Watu wakakimbia, mama mmoja akateguka mguu. Hayakuwepo maji yoyote. Mti wangu ulikuwa mkavu mpaka nusu ya kijani.

Nilishuka jioni. Nurdin alikuwa amekasirika, gunia lake la mkaa lilipasuka kwenye purukushani. Nikamwambia, na nilijisikia mtu mkubwa nikisema hivyo: "Nurdin, siku nyingine usimsikilize mtu. Mtu yeyote. Angalia simu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Angalia simu."

Akaitikia kwa kichwa. Alinishika mkono kama tumeuziana kiwanja.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Kijani.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kijani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua inanyesha kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Matofali hayakauki. Mwenyekiti anapita akikunja uso, kila mtu anajificha nyuma ya kazi yake. Naona kama atanifukuza kesho. Naona hivyo kila siku.

Jumatano, 16 Aprili

Sista Koku anakwenda Bukoba kwa Pasaka, bibi yake anaumwa. Kabla ya kuondoka ameifundisha mashine ipokee ujumbe wangu yenyewe bila yeye. Mvua ikishika mtandao unachelewesha ujumbe, akasema, kwa hiyo si saa ujumbe unapofika ndiyo yenye maana, bali saa uliposoma mti. "Andika rangi na saa. Basi. Mashine itapanga, la karibuni juu."

"Rangi na saa."

"Wewe nakuamini, Albano."

Nilitamani asiseme hivyo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimetuma KIJANI 12 alfajiri. Mashine ikajibu: Imepokelewa, asante. Ina adabu kuliko Mwenyekiti.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nilisali Mikoroshini na Demetria na wanawe. Pilau. Nurdin alikuja kula, akasema Pasaka ni sikukuu nzuri, tatizo ni wenyewe. Mvua imeacha tangu jana. Kimya chenyewe sikipendi. Kule milimani, nyuma yetu, ni kweusi.

Jumanne, 22 Aprili

Siandiki leo.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo naandika.

Jumanne niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikasoma mti: kijani, chini kabisa. Nikatuma KIJANI 12. Imepokelewa, asante. Nikaanza kazi. Mvua hapa haikuwepo, hata tone.

Kwenye saa tatu nilisikia korongo linakohoa. Sina neno jingine. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamebadilika rangi, mekundu ya udongo wa mbali, na juu yake povu, na ndani ya povu mlango mzima wa mbao ukipita. Ilikuwa mvua ya milimani, imenyesha kwa wengine na inafika kwetu bila wingu. Kijani ilipotea, njano ikapotea nikiwa naitazama. Nikatuma NYEKUNDU 3.

Imepokelewa, asante.

Nilishusha pumzi. Bernadeta, nilishusha pumzi kweli, nikakaa juu ya ndoo. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

Kisha nikampigia Demetria ili nisikie tu simu zinavyolia. Iliita bila kupokewa. Nikapiga tena.

"Kaka, nakaanga, vipi?"

"Mko wapi? Mmetoka?"

"Tutoke twende wapi?"

"Nyekundu, Demetria! Nimetuma nyekundu!"

Nikamsikia anafuta mkono. "Hapa kijani. Naiona. Juu kabisa, kijani, imeandikwa kumi na mbili."

"Hiyo ya asubuhi. Angalia nyingine."

"Hakuna nyingine hapo juu. Kaka, kijani."

"Chukua watoto! Acha kila kitu, chukua watoto!"

Simu ikakata. Mtandao ukafa.

Nilimkimbilia Mwenyekiti. Alikuwa ofisini kwake, nikasahau shikamoo, nikasahau kuvua ndala. Nikamwambia mti nyekundu na Mikoroshini wanaona kijani. Akachukua simu ampigie mtendaji. Haikuunga. Akapiga tena. Alisimama na ile simu sikioni, naye anatazama dirishani mlango mwingine ukipita korongoni, nikaona uso wake unazeeka. Sikujua kama anatafakari adabu au anaomba. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba hatakubali.

Akaitupa simu mezani. Akashusha ukutani kile kipaza sauti cha mikutano.

"Panda," akasema, na kuwasha pikipiki yake mwenyewe.

Mtu ana miaka sabini. Tulishuka njia ya kokoto, mara mbili tuliteleza. Tulipofika ukingo wa juu wa Mikoroshini alisimama wima juu ya vikanyagio akapaza sauti kwenye mtaa wa watu, bila mtendaji, bila mjumbe, bila hodi: "Mie ni Eliaichi wa Kwa Fundi! Maji yanakuja! Tokeni! Mtaniuliza baadaye! Tokeni!"

Walitoka. Wengine wakitukana, lakini walitoka. Demetria alikuwa ameshapanda, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, kijiko cha kukaangia bado ameshika. Nurdin naye alipanda. Alikuja akasimama karibu yangu, akihema. Tulikuwa tumesalimika sote, Bernadeta. Naandika hivi ili ujue kuwa ilifika hapo, kwamba alikuwa amesimama karibu yangu.

Akatoa simu mfukoni. Aliitazama.

"Mtani. Mbona mti wako unasema kijani?"

"Simu imekosea. Ni nyekundu."

"Kijani. Ona. Mpya kabisa, ya juu." Alinionyesha. Na kweli ilikuwa ya kijani, nzuri, kama jani. "Basi nafasi bado ipo. Nina magunia manane ndani, nivute hata mawili."

"Nurdin, mti ni mimi! Mimi ndiye mti!"

"Si uliniambia nisisikilize mtu?" Alikuwa anatania. Alitabasamu kabisa. "Hata wewe."

Nilimshika shati. Lilikuwa la jasho na vumbi la mkaa, likaponyoka. Akashuka akikimbia vile anavyokimbia, mikono nje. Aliingia mlangoni kwake. Kisha sauti ikawa ile waliyonisimulia mwezi wa tatu, mnaongea kwa ishara, na ukuta wake na ukuta wa Demetria zikaenda pamoja kama zilivyojengwa pamoja.

Alipatikana jana, chini ya daraja. Nilichimba kaburi. Kuchimba ninaweza.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Kijani. Sijatuma. Nilishuka kwa miguu kwenda kusema.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikwenda kutafuta vitu vya Demetria kwenye tope. Nimepata ile seti ya sufuria, ndogo bado imo ndani ya kubwa, na tope katikati yake. Hazikutengana. Nimeshindwa kuzichomoa.

Watu wameanza kuulizana nani alisoma mti siku ile.

Jumatatu, 28 Aprili

Sista Koku amerudi. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja kibandani na begi mkononi, akafungua kompyuta juu ya tofali.

"Zote mbili zipo," akasema. "Kijani ipo, nyekundu ipo. Kiungo cha maji kimefanya kazi, nyekundu ilifika Mikoroshini dakika ileile. Lakini imekaa chini. Kwa nini ikae chini?" Akasogeza uso kwenye kioo. "Nyekundu uliandika saa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ya nini?"

"Saa tatu, sista. Saa tatu asubuhi."

Akapandisha kidole kwenye kioo.

"Na kijani, kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili. Nilipoamka."

Akafunika uso kwa viganja. Baada ya muda akanieleza, polepole, kama anajieleza mwenyewe. Mashine inahesabu siku kuanzia katikati ya usiku. Kumi na mbili yangu kwake ni saa sita mchana. Tatu yangu kwake ni saa tisa usiku. Kwa hiyo kwa mashine nyekundu yangu ilikuwa habari ya zamani, na kijani ilikuwa habari mpya kuliko zote, ya mchana ambao haujafika. Ikaiweka juu. Na nyekundu, kwa kuwa ni ya zamani, haikulia.

"Demetria aliisoma kumi na mbili akaelewa ni asubuhi," nikasema.

"Ndiyo. Wewe ulielewa, yeye alielewa. Asiyeelewa alikuwa katikati." Alikuwa analia. "Na mie ndiye niliyemweka katikati. Albano, mie mwenyewe naamka saa kumi na mbili kila siku ya maisha yangu. Sikukuuliza. Sikufikiria hata kukuuliza. Wala sikuiambia ikatae saa ambayo haijafika."

Nilitaka kumkasirikia. Ingekuwa nafuu. Lakini mimi ndiye niliyemwambia Nurdin aangalie simu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimefunga begi. Nimefungua begi.

Ijumaa, 2 Mei

Tumekwenda kwa Badru, mtoto mkubwa wa Nurdin. Tulikwenda watatu na sista Koku, Mwenyekiti mbele. Nilidhani atasema yeye, kwa ngazi. Tulipokaa mkekani akanigeukia na kusema, "Sema wewe. Nami nipo." Sijui tangu lini huyu mzee alikuwa hivi na mimi sikumwona.

Nikasema yote. Saa, mashine, maneno yangu ya mwezi wa nne. Mikono niliikalia ili isionekane.

Badru alinyoosha pembe ya mkeka.

"Baba alisoma simu?"

"Alisoma."

"Akaamini?"

"Aliniamini mimi. Jina langu ndilo lililokuwa kwenye ile kijani."

Akatazama nje. Mvua ilikuwa inaanza. "Nani anasoma mti sasa hivi?"

"Hakuna."

"Mama yangu amehamia kwa shangazi, Mikoroshini ileile. Nenda kausome."

Mwenyekiti akawasha pikipiki.

Jumanne, 6 Mei

Sista Koku amebadilisha. Sasa natuma asubuhi, mchana, jioni au usiku pamoja na saa, na mashine inanirudishia kwa maneno: umesema saa tatu asubuhi, ni kweli? Nisipojibu ndiyo, inampigia yeye. Na nyekundu sasa inabeba kiungo kingine mgongoni: inasema naifuta kijani ile pale, kwa jina lake, hata kama ile inajidai mpya. Nyekundu haipangwi tena kwa saa. Inakaa juu mpaka mtu aishushe kwa mkono.

Nilimuuliza kama sasa haiwezi kukosea. Akasema hawezi kuniambia hivyo. Nilimheshimu kwa hilo, na sikulala.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Njano, saa moja asubuhi. Nilijibu ndiyo. Kisha nikaenda kwa Mwenyekiti, naye akaning'inizia kipaza sauti shingoni, nikashuka mwenyewe. Simu zilikuwa zimelia. Niliita hata hivyo. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Kijani, asubuhi.

Jumatatu, 19 Mei

Kijani, asubuhi. Kijani, jioni. Demetria amepata chumba juu, karibu na msikiti. Sufuria alizitenganisha kwa maji ya moto. Mimi bado naamka nikidhani nimesikia korongo likikohoa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua siku ya nne. Mti umesimama kwenye mchanga mkavu, mbuzi wamerudi. Badru amekuja kuuona mti. Aligusa rangi zake zote tatu, akaniuliza saa nazisomaje, nikamwonyesha. Masika yajayo atausoma yeye, amemwambia sista Koku. Hakunishika mkono, lakini alinywa maji kwangu.

Bernadeta, haya nitakusomea leo kwenye simu: Mwenyekiti ameniruhusu niende kupulizia mikorosho. Nategemea kushuka Newala Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa mbili usiku. Namaanisha jua likiwa limezama na taa umeshawasha. Ukiona usiku unakwenda na sijafika, usiangalie simu. Tuma mtu stendi anitazame kwa macho.